The General (1926): kwa nini muvi bubu ya treni bado inavunja mbavu? Wapenzi wa vichekesho tukutane hapa

Mzee wa Taruma
Wakuu, habari za jioni.

Kila ukifunguliwa uzi wa vichekesho humu jukwaani majina ni yale yale: Charlie Chaplin, Mr. Bean, na kwa upande wetu King Majuto na Mzee Small. Sina ugomvi na hata mmoja wao. Ila kuna jamaa anaachwa nje kila siku na leo nimekuja kumsemea. Anaitwa Buster Keaton, na kazi yake ninayotaka tuichambue ni The General, iliyopigwa mwaka 1926 kule Oregon, Marekani. Ni muvi bubu, nyeusi na nyeupe, inakwenda kama saa moja na robo hivi. Stelingi hacheki mwanzo hadi mwisho. Wamarekani wenyewe walimbandika jina la Uso wa Jiwe.

Kwa ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Johnnie Gray ni dereva wa treni huko Georgia mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini ya Marekani ndiyo kwanza vinaanza. Ana vipenzi viwili duniani: kichwa chake cha treni kiitwacho The General, na binti aitwaye Annabelle Lee. Anakwenda kujiandikisha jeshi la Kusini, anakataliwa, na hawamwambii kwa nini. Kumbe wakubwa wameona dereva wa treni ana faida zaidi akibaki relini kuliko akishika bunduki. Binti anamwona mwoga na kumpiga marufuku: asionekane tena mbele yake mpaka awe amevaa sare. Mwaka unapita. Wapelelezi wa jeshi la Kaskazini wanaiba kile kichwa abiria wakiwa wameshuka kula, na Annabelle yumo ndani ya behewa. Johnnie anawafukuza kwa miguu, kisha kwa kiberenge, kisha kwa baiskeli, mwishowe kwa kichwa kingine. Nusu ya kwanza anafukuza kuelekea kaskazini, nusu ya pili anafukuzwa kurudi kusini. Hadithi imeishia hapo.

Na utamu uko hapo hapo. Reli ni njia moja, huwezi kuchepuka wala kujibanza uchochoroni. Mitego yote aliyotegewa Johnnie wakati wa kwenda, mabehewa yaliyoachiwa njiani, magogo yaliyotupwa relini, moto ndani ya daraja, wakati wa kurudi anawategea wao. Unacheka mara ya pili kwa sababu unakijua kile kinachokuja.

Chukueni kipande cha mzinga. Johnnie anaburuta mzinga mfupi mnene nyuma ya kichwa chake, nia yake awapige wezi walioko mbele. Mara ya kwanza anaupa baruti kiduchu, risasi inaruka hatua chache na kumdondokea ndani kwake. Basi mara ya pili anamwaga kopo zima. Anawasha utambi, anageuka arudi mbele, mguu unanasa kwenye kiungo. Akiwa anahangaika kujinasua, mtikisiko wa reli unaushusha mdomo wa mzinga, kidogo, kidogo tena, mpaka unamtazama yeye. Anajinasua, anapanda juu ya kuni, anaurushia mzinga kipande cha gogo (kana kwamba mzinga utaogopa!), anakimbilia mbele kabisa kujificha. Ghafla reli inapinda. Mzinga unalipuka, risasi inapita pembeni yake na kwenda kutua karibu na wezi, ambao sasa wanaamini wanafukuzwa na jeshi zima. Hakuna aliyelenga. Kona ya reli ndiyo iliyolenga.

Hoja yangu ni kwamba kichekesho cha Keaton hakimo usoni mwa mtu, kimo kwenye uzito wa vitu. Chuma ni chuma kweli, treni inatembea kweli, na mtu mwenyewe ndiye yuko juu yake. Vichekesho vya maneno vinachuja. Utani wa siasa wa miaka kumi tu iliyopita leo unahitaji mtu akueleze nani alikuwa waziri. Lakini gogo likiwa relini na treni inakuja, mtoto wa Kigoma na mzee wa Osaka wote wanajua nini kinafuata.

Nawasilisha. Karibuni tukosoane.

Kashata na Kahawa
Nimekaa pale. Uzi wa muvi usio na watu wa Kikorea, haya ni maajabu.

Binti Ngamiani
Mkuu umeandika vizuri ila nitakuwa mkweli. Hizi muvi bubu nimezijaribu zikanishinda. Watu wanatembea kasi isiyo ya kawaida, piano inapigwa bila kupumzika, nikifika dakika ya kumi nimeshasinzia. Na kama ni za enzi hizo si Chaplin tosha? Yule angalau ananifanya nimwonee huruma.

Mzee wa Taruma
Dada, la kasi una haki kulalamika, lakini kosa si la muvi. Zama zile kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono na picha zilipigwa chache kwa sekunde kuliko ilivyokuja kuwa baada ya sauti kuanza. Ukizichezesha kwenye mashine za baadaye, zinazokwenda picha 24 kwa sekunde, kila mtu anaonekana anakimbilia choo. Tafuta nakala iliyosafishwa na kurekebishwa kasi, utaona watu wanatembea kama sisi.

La Chaplin sikubaliani. Chaplin anataka umpende, na anajua kukuomba. Anakuangalia, anatabasamu, anakukunjia uso. Keaton hakuombi kitu. Amekaa pale anashughulika na tatizo lake, ukicheka ni juu yako. Halafu tazama wanavyokaa na mashine. Katika Modern Times ya 1936 mashine inammeza Chaplin, anapita katikati ya magurudumu yenye meno, kwa sababu mashine kwake ni adui. Keaton na mashine ni marafiki. Anakijua kile kichwa cha treni, anakifuta, anakilisha kuni, anajua kitafanya nini. Kinachomwangusha ni dunia nyingine yote: jeshi, mapenzi, wakubwa.

Kota za Reli
Mzee wa Taruma umenivuta. Mimi nimezaliwa kota za reli Tabora, marehemu baba alikuwa anachochea boila za mvuke. Nilipoiona hii muvi sikucheka kwanza, niliogopa.

Kuna kipande baada ya binti kumkataa. Johnnie amejiinamia, anakwenda kukaa kwenye ule mkono mrefu wa chuma unaounganisha magurudumu makubwa ubavuni mwa kichwa. Amezama kwenye mawazo, haoni kitu. Mwenzake ndani anaondoa treni. Ule mkono unaanza kumpandisha na kumshusha, taratibu, na yeye bado amekaa vile vile na huzuni yake, anakuja kushtuka wakati kichwa kinaingia bandani. Sasa wengi mtaona ni kitu kidogo. Mtu wa reli anajua kichwa cha mvuke kikipewa mvuke mwingi ghafla, magurudumu yanazunguka bure papo hapo kabla ya kuishika reli. Yangezunguka pale, huo mkono ungempiga au kumrusha chini ya magurudumu. Aliyekuwa ameshika mvuke siku ile alikuwa ameshika roho ya mtu.

Na wamekwenda kukitumia kipande chenyewe kwa ajili ya nini? Kuonyesha mtu ana huzuni! Hapo ndipo nilimvulia kofia.

Nyali Kwetu
Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu wa Tabora, ukija Nairobi pitia Makumbusho ya Reli ukakione kichwa nambari 5918, Mount Gelai. Ni vile vya daraja la 59 vilivyokuwa vikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, chapewa jina la mlima wa kwenu Tanzania. Ukisimama kando yake gurudumu tu lakushtua. Hicho kilichoma mafuta, si kuni kama cha Johnnie, lakini ukiisha kukigusa kwa mkono hutamtazama tena Keaton kwa jicho lile lile. Vijana waliozoea SGR hawawezi kujua kichwa cha mvuke kilikuwa ni kitu cha kubembelezwa.

Mie pale nilipocheka ni kwenye kuni. Wawili wanakimbizwa, moto wataka kufa, Johnnie amwambia Annabelle aongeze kuni. Bibie achukua fagio aanza kufagia! Kisha aokota kipande, akitazama, kina tundu, akitupa nje kwa kuwa si kizuri. Halafu atia kijiti cha ukubwa wa kidole. Johnnie kwa hasira ampa kijiti kidogo zaidi, kama kumsuta. Yeye apokea kwa adabu na kukitia motoni. Johnnie amkaba shingo, amtikisa, kisha ambusu. Yote hayo ni sekunde chache. Ndoa ngapi humu zafanana na hiyo?

Kashata na Kahawa
Mkuu wa Mombasa umeniua hapo kwenye kijiti 😂

Mwana Kariakoo
Samahani nitaharibu sherehe kidogo. Mzee wa Taruma umeandika aya na aya, lakini umekwepa jambo moja kubwa. Stelingi wako anapigana upande gani? Kusini. Upande uliochukua silaha ili uendelee kumiliki watu weusi. Mwisho wa muvi anavishwa sare ya maofisa wa jeshi hilo na sisi tunatakiwa tushangilie. Waafrika tumekaa tunacheka nini hapo?

Mzee wa Taruma
Mkuu, swali halali na sitalizungusha.

Kisa chenyewe kilitokea kweli, tarehe 12 Aprili 1862. Kikosi cha watu wa Kaskazini kikiongozwa na raia aitwaye James Andrews kiliiba The General mahali paitwapo Big Shanty, Georgia, wakati watu wameshuka kupata kifungua kinywa. Nia ilikuwa kung'oa reli, kukata nyaya za telegrafu na kuchoma madaraja mpaka mji wa Chattanooga. Kondakta wa treni ile, William Fuller, aliwafukuza kweli kwa miguu, kisha kwa kiberenge, kisha kwa vichwa vingine. Wezi waliishiwa kuni na maji kabla ya kufika. Andrews na wenzake saba walinyongwa. Baadhi ya waliosalia ndio askari wa kwanza kabisa kupewa ile Nishani ya Heshima ya Marekani. Mmoja wao, William Pittenger, akaandika kitabu, na kitabu hicho ndicho Keaton alichokichukua.

Kwa hiyo kwenye kitabu mashujaa ni hao walioiba. Keaton akageuza upande. Maelezo yake ya baadaye ni kwamba watazamaji wasingekubali kuona watu wa Kusini wakifanywa wabaya. Tafsiri yake kibiashara: wazungu wa Kusini walikuwa wateja. Na utumwa, uliokuwa kiini cha vita vile, muvi inaupita kama vile haukuwapo. Hilo ni doa, na halifutiki kwa kusema ni vichekesho tu.

Ninachoweza kusema ni kwamba Johnnie mwenyewe hana itikadi. Kuna mahali anapasua kuni juu ya treni inayotembea. Nyuma yake jeshi zima la Kusini linarudi nyuma mbio, kisha jeshi zima la Kaskazini linapita likisonga mbele, na yeye kichwa chini, anapasua kuni. Vita nzima imempita mgongoni. Anataka treni yake. Hapo kwangu muvi inawacheka wote wenye bendera.

Mwana Kariakoo
Hapana mkuu, hapo umemkwepesha. Hana itikadi wakati anakimbia. Vita ya mwisho inapoanza anaokota bendera na kusimama nayo akipepea! Kutokuwa na itikadi halafu unajikuta umevaa sare ya upande ule ule, hiyo nayo ni itikadi. Kile kipande cha kuni nakupa, ni kizuri. Lakini mwisho sikupi.

Nyali Kwetu
Mwana Kariakoo asema kweli, ila na bendera yenyewe mwaitazama vibaya. Johnnie apanda juu ya kile adhaniacho ni jiwe ili bendera ionekane. Kumbe si jiwe, ni mgongo wa ofisa aliyejiinamia. Ofisa ainuka, shujaa aporomoka. Keaton hampi mtu nafasi ya kuwa shujaa kwa zaidi ya sekunde tatu.

Kota za Reli
Na upanga je? Kila akiuinua kuamrisha, bapa lote linachomoka anabaki na mpini. Mara ya mwisho linaruka hewani na kwenda kumchoma mdunguaji aliyekuwa anawamaliza wapiga mizinga. Mimi pale nilicheka, halafu nikajiuliza nacheka nini, mtu amekufa.

Mzee wa Taruma
Hukuwa peke yako. Wakosoaji wengi walipoiona mwaka 1927 ilipofika New York hawakupendezwa, hata New York Times iliiona ya kawaida tu. Malalamiko mojawapo yalikuwa hayo hayo, kwamba watu wanakufa kwenye kichekesho. Leo hii ndiyo sehemu inayowagawa watu zaidi, na humu naona imeshatugawa.

Binti Ngamiani
Subirini. Unasema haikupendwa? Nilidhani ilitikisa dunia ndiyo maana mnaisifia.

Mzee wa Taruma
Ilimtikisa yeye mwenyewe, dada. Hesabu ndizo zilimuua.

Keaton alitaka kila kitu kionekane cha 1862. Aliomba hata kutumia The General yenyewe, ambayo bado ipo mpaka leo kwenye makumbusho huko Kennesaw, Georgia. Wenye nayo waliposikia ni kichekesho wakagoma. Akahamia Oregon, karibu na mji wa Cottage Grove, kwa sababu kule kulikuwa na reli za wakata mbao zenye sura ya zamani na vichwa vinavyoweza kurembwa vikafanana na vya vita. Akawachukua mamia ya askari wa akiba wa jimbo, akawavisha sare za Kaskazini wakapiga picha, kisha akawavua akawavisha za Kusini. Cheche za treni zikawasha moto msituni, moshi ukajaa, kazi ikasimama.

Halafu daraja. Ofisa wa Kaskazini anaamuru treni ivuke daraja linaloungua, anaona halijaungua kiasi cha kuogopesha. Treni inaingia. Daraja linakatika katikati na kichwa kizima kinatumbukia mtoni, moshi na mvuke vikipanda. Hakikuwa kichwa cha kuchezea watoto. Kilikuwa kichwa halisi cha treni, Julai 1926, mara moja tu, bila nafasi ya kurudia. Inatajwa kuwa kiligharimu dola 42,000, na inasemekana ndiyo picha moja ghali kuliko zote za enzi ya muvi bubu. Kichwa kiliachwa mle mtoni miaka na miaka mpaka Vita vya Pili vya Dunia, kikaondolewa kuwa chuma chakavu.

Sasa angalia Keaton anafanya nini baada ya mamilioni ya shilingi za leo kuzama majini. Anakata, anatuonyesha uso wa yule ofisa aliyeamuru. Hasemi kitu, hajikuni, anatazama tu, kisha anageuka na kutoa amri nyingine kama vile hakuna kilichotokea. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anamjua bosi huyo kwa jina.

Muvi haikurudisha fedha kama ilivyotarajiwa. Akawekewa wasimamizi, na mwaka 1928 akahamia kampuni ya MGM, ambako hakuwa tena na uhuru wa kutengeneza vichekesho vyake alivyotaka. Pombe ikamchukua, ndoa ikavunjika. Alipona, akaishi hadi 1966, na miaka yake ya mwisho aliona watu wakianza kuzitafuta upya kazi zake. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza kuorodhesha filamu za kuhifadhiwa milele, The General ilikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa.

Kashata na Kahawa
Hapo kwa bosi nimekumbuka mtu. Sitamtaja, tupo naye kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kijana wa Kibanda Umiza
Wakuu mimi nimekulia vibanda umiza, muvi bila Lufufu kutafsiri kwetu haikuwa muvi. Hii bubu inasomekaje kama mtu Kiingereza kinapiga chenga? Na huyu jamaa alikuwa anafanya mwenyewe vyote au kuna mtu wa kumwangukia?

Mzee wa Taruma
Kijana, maandishi yapo, yanajitokeza kwenye ubao mweusi, lakini machache mno. Keaton alikuwa anajisifia kutumia machache kuliko wenzake. Yaruke yote na bado utaelewa, labda ile ya kwa nini amekataliwa jeshini, na hiyo nimeshakueleza hapo juu.

La pili: karibu vyote mwenyewe. Alikulia jukwaani. Wazazi wake walikuwa na onyesho, baba akimrusha mtoto huku na kule mbele ya watu, na mtoto akagundua kwamba akicheka watu hawacheki, akinuna wanavunjika mbavu. Uso wa Jiwe ulianzia hapo. Katika Sherlock Jr. ya 1924 maji ya tangi la reli yalimwangukia, shingo ikagonga reli. Akaendelea na kazi akiwa na maumivu ya kichwa. Miaka baadaye daktari akamwambia shingo iliwahi kuvunjika na kuunga yenyewe.

Ila katika The General nenda katazame taruma, lile gogo zito linalolaliwa na reli, jina langu limetoka hapo. Wezi wametupa mataruma relini. Johnnie amekaa mbele kabisa ya treni, kwenye ile ngao ya chini, ameshika taruma moja zito alilokwisha kuliokota, na mbele kuna jingine limelala kwenye reli. Mikono imejaa, hawezi kushuka, treni haisimami. Anafanya nini? Analiinua alilonalo na kulitupa juu ya ncha ya lile la chini. Yote mawili yanaruka pembeni, njia nyeupe. Angekosa kwa shubiri moja, kile kichwa kingeacha reli na yeye akiwa wa kwanza chini yake.

Kijana wa Kibanda Umiza
Inapatikana wapi? Bando langu la wiki linaisha kesho.

Mzee wa Taruma
Hakimiliki yake Marekani imeshaisha, ipo mitandaoni bure na kihalali. Chagua nakala safi, ile yenye ukungu iache. Ukiipenda, nenda Our Hospitality ya 1923, nayo ina treni, halafu Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia na anapona kwa sababu alisimama pale penye dirisha. Ukuta ulikuwa mzito kweli, usifikiri ni karatasi.

Binti Ngamiani
Haya, nimeiangalia jana usiku, nakala iliyosafishwa. Sikusinzia. Kwenye kijiti nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kwenye mkono wa magurudumu kama sijasoma maelezo ya Kota za Reli ningepita bila kuona. Vita ya mwisho nimeiruka, naungana na Mwana Kariakoo. Lakini jamani huyo Annabelle mnamsema bure, kafungwa ndani ya gunia, katupwa behewani na mizigo juu yake, bado katoka anafagia. Mnamcheka yeye au mnamcheka Johnnie aliyeshindwa kumwambia kwa maneno kuni za ukubwa gani?

Nyali Kwetu
Dada, hapo twamcheka Johnnie. Kijiti kile cha pili ni yeye aliyempa.